Kizibao Kisichofuliwa

Mvua imepiga siku tatu
na malisho yangu yamekuwa uji.
Mwaka mzima hapa ni mimi na ng'ombe arobaini
na kengele ya kanisa inayochelewa dakika sita.
Wiki hii wamekuja watu elfu sabini,
nywele viunoni, nguo nyeusi tititi,
wamepiga mahema mpaka ukingoni mwa kabichi zangu
na kila asubuhi wananisalimu kwa jina,
Wiebke, Wiebke,
kama wapwa waliorudi likizo.

Kuvuta magari ilikuwa kazi ya Hinnerk.
Agosti nzima hakuvua buti.
Malipo yake chupa moja ya bia,
na ukikosa bia, hadithi.
Februari tulimzika.
Trekta halikuambiwa:
nilipogeuza ufunguo liliwaka mara moja,
bila haya, bila kukohoa.

Kabla ya saa nne nimenasua magari kumi na tisa.
La ishirini lilikuwa refu, jeusi, la kubebea majeneza,
na ndani, pale panapokaa jeneza,
vijana wanne wa Kipolandi wakikoroma,
wamepangwa kama samaki wa kopo.
Nilisimama na mnyororo mkononi.
Mmoja akafungua jicho: "Mama, vipi?"
Vipi nini. Nikafunga ndoana,
nikavuta.

Jioni yuleyule akaja mlangoni,
Wieslaw, kichwa kimegusa kizingiti cha juu, ndevu zina majani,
buti amezivua mwenyewe barazani,
akaomba sindano.
Bendi aliyoipenda toka utotoni ilikuwa inaaga usiku ule
na kiraka chake kinaning'inia kwa nyuzi mbili.
Nikakitandaza kizibao mezani, chini ya taa.
Viraka juu ya viraka: mafuvu, mbuzi, nyundo,
maandishi kama mizizi ya mti uliong'olewa.
Hayo sikuyaweza. Nilisoma mishono.
Huu wa mama yake, mdogomdogo, umenyooka.
Huu wa mke aliyeondoka, una hasira.
Huu wake mwenyewe, kwa uzi wa kusafishia meno,
maana uzi mwingine, alisema, hauhimili.
"Acha nikifue," nikamwambia. "Kinanuka."
Akakikumbatia kana kwamba nimesema nitamzamisha paka.
"Hakifuliwi, mama.
Mvua ya miaka ishirini na miwili imo humu."

Nikanyamaza.
Nyuma ya mlango wa jikoni inaning'inia ovaroli ya Hinnerk.
Wifi yangu Antje, kila Jumapili: iloweke, Wiebke.
Nami kila Jumapili: kesho.

"Twende," akasema,
akanipa vizibo vya masikio, rangi ya chungwa.

Miaka thelathini nimeusikia muziki huu kupitia ukuta,
vikombe vikitetemeka kabatini.
Sikujua kwamba ukiwa mbele yake husikilizi:
unapigwa. Ngoma zinaingilia miguuni,
gitaa linakwangua mifupa kama ukoko wa sufuria,
na mwimbaji, babu mwenye miwani ya kusomea,
anatoa sauti ya fahali aliyenasa kwenye seng'enge.
Mbele yetu walifungua duara wakaanza kugongana,
watu wazima, wahasibu, wauguzi,
na aliyeanguka aliinuliwa kabla matope hayajamjua.
Kiatu kimoja kilipaa, kikapitishwa mkono kwa mkono,
"Cha nani? Cha nani?"
mpaka mwenyewe akapatikana, anachechemea, anacheka.

Kanisani Februari waliimba taratibu mno.
Kila mtu angenisikia.
Hapa nilifungua mdomo
na kilichotoka sikukitambua,
kikatoka, kikazidi kutoka,
na Wieslaw hakugeuka, hakunishika bega,
alitikisa kichwa tu kufuata mdundo,
nywele zake zikinirushia mvua usoni.

Saa kumi na moja alfajiri nilivaa ovaroli,
mikono nikaikunja mara mbili.
Mfukoni msumari, na risiti ya dizeli.
Nilikwenda getini kuwaita ng'ombe.
Sauti haikuwapo,
hewa tupu.
Wakaja.